Biashara ya mtandao ikibisha hodi Rubya: uliza fedha inatoka wapi

Kahawa ikishapimwa kwenye chama cha msingi na malipo yakaingia kwenye simu, nyumba zetu za Ihangiro, wilayani Muleba, hupata wageni. Wapo wa michango ya harusi, wapo waliotukopesha wakati wa ukame wa mifuko, na siku hizi yupo mwingine. Huyu wa mwisho mara nyingi si mgeni kabisa. Ni kijana wa hapahapa Rubya, tumemlea wote, amerudi kutoka Mwanza au Dar es Salaam akiwa na tai shingoni na begi linalong'aa. Anaamkia kwa adabu, anauliza hali ya wazee, kisha anasema: "Mama, nimekuletea fursa."

"Fursa gani, mwanangu?"

"Njoo Jumamosi Muleba mjini, viongozi wetu watakueleza. Mimi nikikueleza hapa hutaielewa vizuri."

Hapo ndipo pa kuanza kuwa macho. Mwenye vanila hukuonyesha vanila yake. Anayeuza mkungu wa ndizi hukuacha uuzunguke, uutazame vidole vyake, ndipo mpatane bei. Anayekualika kwenye biashara na hataki kuitaja ni biashara ya nini, anajua kwamba ukipata siku mbili za kutafakari na kuulizia, hutakwenda.

Mimi nimewahi kwenda. Binamu yangu, ambaye nisingeweza kumkatalia, alinipeleka kwenye ukumbi mmoja Bukoba. Tuliimba, tulipiga makofi, tukasikiliza shuhuda tatu za watu walioacha kazi na kununua magari. Saa mbili na nusu zilipita. Nilitoka pale najua rangi ya gari la kila kiongozi, lakini sijui chupa moja ya ile bidhaa inauzwa shilingi ngapi dukani na nani anainunua. Nilipouliza, nikaambiwa nina mawazo hasi. Binamu yangu alinyamaza njia nzima hadi Muleba, na tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia jambo hili kwa uchungu, maana yeye aliendelea, na kilichomkuta kimewakuta wengi.

Mambo matatu yanayochanganywa

Neno upatu linatuchanganya, kwa sababu kwetu lina maana mbili zisizofanana hata kidogo. Upatu wa kina mama, ambao wengine huuita mchezo, ni jambo la heri. Watu 10 wanaofahamiana wanatoa shilingi 20,000 kila mwezi, mmoja anapokea 200,000, mwezi unaofuata zamu ya mwingine. Mwisho wa miezi 10 kila mtu ametoa 200,000 na kupokea 200,000. Hakuna faida iliyoahidiwa, hakuna anayehitaji kuleta mtu mpya, na mchezo una mwisho unaojulikana tangu siku ya kwanza.

Upatu unaokatazwa na sheria ni kitu kingine. Wewe unaingiza fedha, na faida yako inatokana na fedha za wanaoingia baada yako. Hakuna kinachozalishwa katikati. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 171A, inafanya kuendesha au kusimamia mpango wa namna hiyo kuwa kosa la jinai.

Kati ya hivyo viwili imekaa biashara ya mtandao: ya mafuta ya kujipaka, dawa ya meno, vidonge vya lishe, kahawa ya unga iliyotiwa uyoga. Bidhaa ipo na unaweza kuishika. Unanunua kifurushi cha kuanzia, unakuwa mwanachama, unauza, na unaleta wengine ambao nao wananunua kifurushi. Wewe unapata bonasi kwa manunuzi yao na ya watakaoletwa nao. Kuuza bidhaa kwa njia hii peke yake si kosa. Swali linaloitenganisha na upatu haramu ni hili: je, bidhaa inanunuliwa na watu wa nje wanaoihitaji, au inanunuliwa na wanachama wenyewe ili wabaki na haki ya kupata bonasi? Kama wanunuzi ni wanachama tu, bidhaa imegeuka kuwa risiti ya kiingilio. Chukua chupa ile ile, iweke kwenye duka lolote Nshamba au Kamachumu kwa bei ile ile, bila ahadi ya bonasi. Ikikaa rafuni miezi sita bila mnunuzi, umeshapata jibu.

Watano wa watano

Kwenye ukumbi utachorewa duara moja juu ya ubao. Hilo ni wewe. Chini yake maduara matano: hao ni marafiki zako. Kila mmoja anachorewa matano yake. "Ni watu watano tu," wanasema. "Wewe mtu mzima unakosa watu watano?"

Tuendeleze mchoro mahali wanapoukatishia. Watano wanaleta 25, hao wanaleta 125, kisha 625, kisha 3,125, kisha 15,625, kisha 78,125, kisha 390,625. Hizo ni ngazi nane. Ukijumlisha wote pamoja na wewe mwenyewe unapata watu 488,281. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 540,310 katika wilaya nzima ya Muleba, kuanzia vikongwe wa Ihangiro hadi watoto wachanga wa kisiwa cha Goziba. Kwa hiyo ngazi nane tu zinakaribia kuimaliza wilaya. Endelea hadi ngazi ya 11 na jumla inakuwa watu 61,035,156. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta Watanzania 61,741,120.

Sasa tazama wale wa mwisho. Katika hesabu ya ngazi nane, watu 390,625 kati ya 488,281 hawana hata mtu mmoja chini yao, kwa sababu watu wamekwisha. Ni 80 katika kila 100. Na hii ndiyo hali ya mpango uliofanikiwa kabisa, ambao hakuna aliyezembea. Wanaokwambia kwamba walioshindwa ni wavivu hawajawahi kuimaliza hesabu hii, au wameimaliza na hawataki uione.

Kijijini hesabu inafika mwisho mapema zaidi. Huyo mama anayeambiwa alete watano, watano wake ni dada zake, wanakwaya wenzake na wanachama wa kikundi chake cha kufa na kuzikana. Jirani yake naye amealikwa na anawafuata watu hao hao. Rubya si Kariakoo. Kila mtu anamjua kila mtu, na hiyo ndiyo sababu mtandao unaingia haraka na unakwama haraka.

Kifurushi kinagharimu zaidi ya bei yake

Tuchukue mfano wa kukokotoa, wenye takwimu nilizoweka mwenyewe ili hesabu ieleweke. Kifurushi cha kuanzia ni shilingi 400,000. Ili uendelee kuhesabiwa kuwa mwanachama hai unatakiwa kununua bidhaa za 100,000 kila mwezi. Nauli za kwenda mikutanoni, bando la intaneti na viingilio vya semina vinakula 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka umetoa 1,960,000.

Upande wa mapato tukupe bahati nzuri. Umeleta watu watatu tangu mwezi wa kwanza, wote wakanunua vifurushi na hawakukosa mwezi hata mmoja. Bonasi yako ni asilimia 10. Kwenye vifurushi vyao umepata 120,000 na kwenye manunuzi ya mwaka 360,000. Bidhaa zako mwenyewe, ulizonunua kwa 1,600,000, umefanikiwa kuuza nusu kwa faida ya asilimia 25, ukapata milioni moja. Jumla iliyoingia ni 1,480,000. Umepoteza 480,000 katika mwaka uliokwenda vizuri, na nusu ya chupa zako ziko chini ya kitanda zikisubiri tarehe ya mwisho wa matumizi.

Wengi hawaioni hasara hii kwa sababu haiji siku moja. Bonasi inaingia kwenye simu kwa mlio, na mlio huo unasimuliwa kanisani na sokoni. Matumizi yanatoka kidogo kidogo, na hakuna anayeyaandika. Ukishajiunga, au ukiwa na mtoto aliyejiunga, nunua daftari la shule. Ukurasa wa kushoto andika kila shilingi iliyotoka, pamoja na nauli ya bodaboda. Wa kulia andika kila shilingi iliyoingia. Miezi mitatu inatosha.

Marekani, ambako biashara hizi zimezeeka, Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ilichapisha Septemba 2024 uchambuzi wa taarifa za mapato zilizotolewa na kampuni 70 za aina hii zenyewe. Katika nyingi ya taarifa hizo, washiriki walio wengi walipata dola 1,000 au chini ya hapo kwa mwaka, na hiyo ni kabla ya kutoa gharama zao. Katika kampuni zisizopungua 17, walio wengi hawakupata chochote. Hao ni watu wenye barabara za lami hadi mlangoni na wateja wenye mishahara.

Tumeshaona mara ngapi?

Mwaka 2009 nchi nzima iliongea juu ya mpango wa upatu wa DECI. Waendeshaji wake walikuwa na vyeo vya uchungaji, na lugha yao ilikuwa ya ibada: unapanda mbegu, unasubiri, unavuna. Watu walipanda mishahara, ada za watoto na akiba za kujengea. Waliotangulia walivuna kweli, na hao ndio waliokuwa tangazo kubwa kuliko redio yoyote. Serikali iliposimamisha shughuli na kuzuia akaunti, wapo wanachama walioilaumu serikali badala ya waliowachukulia fedha, maana kila mmoja aliamini zamu yake ya kuvuna ilikuwa wiki inayofuata. Mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni.

Ikaja zamu ya kuku. Mwaka 2020 mwendeshaji wa Mr Kuku alifikishwa Kisutu. Watu walikuwa wameweka fedha kwa ahadi ya faida ya asilimia 70 kwa miezi minne au asilimia 90 kwa miezi sita. Piga hesabu ya ile ya kwanza: milioni moja inayoongezeka asilimia 70 kila miezi minne, bila kuigusa, inakuwa shilingi 4,913,000 mwisho wa mwaka. Mfugaji yeyote wa Kashai aliyewahi kuzika kuku 200 kwa mdondo wa wiki moja angeweza kuwaambia kwamba hakuna kuku wa namna hiyo. Kesi iliisha kwa mshtakiwa kutiwa hatiani, na mahakama ikaamuru mabilioni ya shilingi yataifishwe. Liangalie neno hilo, kutaifishwa. Mwizi akikamatwa haina maana kwamba chako kinarudi mfukoni mwako.

Upande wa pili wa mpaka wa Mutukula, nchini Uganda, ilikuwapo Dunamiscoins, kampuni iliyowaambia watu kwamba inashughulika na sarafu za kidijitali. Desemba 2019 wateja walikuta milango imefungwa, maelfu yao. Kenya, jopo lililoundwa na serikali kuchunguza mipango kama hii lilikuta kwamba karibu watu 150,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya.

Na Februari 2025 Jeshi la Polisi nchini lilikamata watu waliohusishwa na LBL, mpango wa kwenye simu ulioahidi malipo kwa kutazama matangazo ya filamu, baada ya mtu kwanza kuweka fedha. Mbegu, kuku, sarafu, filamu. Vazi linabadilika kila mara, lakini ndani ni hesabu ile ile ya watano wa watano.

Panga la mgomba

Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu takwimu za shilingi hazisemi yote.

Mnyauko wa migomba ulipothibitishwa wilayani Muleba mwaka 2006, wataalamu walitufundisha jambo ambalo lilituuma. Ugonjwa haukuwa ukiletwa na adui. Ulibebwa na panga letu wenyewe, lile tunalopogolea mgomba mmoja kisha tunahamia wa pili bila kulisafisha kwa moto au kwa dawa. Mwenye kupogoa alikuwa akihudumia shamba lake kwa upendo, na ndivyo alivyolimaliza.

Mtandao unasambaa hivyo. Kijana aliyekuja na begi linalong'aa hakuja kukuibia. Amelipa kifurushi, huenda kwa mkopo, na ameambiwa njia pekee ya kurudisha fedha yake ni kuleta watu. Kwa hiyo anawaendea wanaompenda. Shangazi anamnunulia kwa sababu ni mtoto wa kaka yake. Mwalimu mstaafu anatoa sehemu ya kiinua mgongo kwa sababu alimfundisha darasa la nne. Muuguzi anajiunga kwa sababu wanasali jumuiya moja. Kinachouzwa hapo ni imani iliyojengwa kwa miaka 30 ya kusaidiana, kuzikana na kuazimana jembe. Ikiisha, hakuna duka linaloiuza. Nimeona ndugu wawili wasiokaa tena benchi moja kwenye msiba kwa sababu ya shilingi 350,000.

Nimesikia pia habari za kibanja kuwekwa rehani ili mtu apande ngazi. Mhaya anajua kibanja ni nini: ni makaburi ya wazee, ni chakula, ni jina la ukoo. Na wapo wanaorudi kwenye butura, kuuza kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa, ili wapate kiingilio kabla "nafasi hazijaisha". Nafasi za biashara halali haziishi Jumapili saa sita usiku. Ukishinikizwa kwa muda, ondoka.

Kuna hatari nyingine ambayo mimi naiogopa kuliko ya fedha. Bidhaa nyingi za mitandao hii ni virutubisho, na muuzaji aliyebanwa na lengo la mwezi huanza kusema mambo ambayo hata lebo ya chupa haisemi: inatibu kisukari, inashusha presha, inasafisha figo. Mgonjwa anayehudhuria kliniki Hospitali ya Rubya akiacha vidonge vyake vya shinikizo la damu kwa ajili ya chupa ya 80,000, kiharusi hakitamwuliza alikuwa ngazi gani. Usiache dawa ya hospitali bila kuongea na daktari wako. Chukua chupa hiyo uende nayo kliniki, umwonyeshe. Dawa husajiliwa na TMDA, na vyakula na vipodozi tangu mwaka 2019 viko chini ya TBS. Bidhaa isiyo na alama wala namba ya usajili, na inayodai kutibu, isiingie kinywani.

Wazazi wenye watoto waliomaliza kidato cha nne au chuo, sikilizeni hili. Ipo sura ambayo kijana anapigiwa simu na rafiki: kuna kazi mjini, njoo na ada ya mafunzo. Akifika anakuta hakuna kazi, kuna chumba chenye vijana wengi na masomo ya kutwa nzima, na kazi yenyewe ni kumpigia mama simu atume fedha zaidi, kisha kumwita rafiki mwingine. Kazi ya kweli ina mwajiri, ofisi, na barua yenye jina la nafasi na mshahara. Mwajiri hukulipa wewe. Mtoto akiomba laki tano za "kuanzia kazi", panda gari umfuate.

Kabla hujatoa hata shilingi

Utaonyeshwa cheti cha BRELA kwenye fremu. Cheti hicho kinathibitisha kwamba jina au kampuni imesajiliwa, basi. Hakimruhusu mtu kupokea akiba za wananchi na kuwaahidi riba. Hiyo ni kazi inayohitaji leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, au kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama unauziwa uwekezaji. Benki Kuu huweka orodha ya taasisi zenye leseni kwenye tovuti yake, na tawi lake la kanda yetu liko Mwanza. SACCOS zinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vikundi vidogo vya kuweka na kukopa, baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vinasajiliwa kupitia halmashauri, kwa hiyo afisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kukwambia kama kikundi fulani kinajulikana. Ni mwendo wa nusu siku na haulipiwi.

Kisha mkalishe aliyekualika, ana kwa ana, bila kiongozi wake, umwulize mambo manne. Umetoa kiasi gani jumla tangu uanze, na umepokea kiasi gani? Wateja wako wasio wanachama ni nani, nitajie watatu niwaulize. Nikitaka kutoka, bidhaa zilizobaki zinarudishwa kwa asilimia ngapi ya bei, na imeandikwa wapi? Mkiacha kuleta watu wapya kuanzia kesho, bonasi yako mwezi ujao itatoka wapi? Mtu mkweli atakosa jibu la swali la mwisho na utamwona usoni. Anayejibu kwa picha ya gari hajakujibu.

Mwenye laki nne za kuanzia biashara ana njia nyingine, zisizo na makofi. Anaweza kununua hisa kwenye SACCOS inayokaguliwa. Anaweza kuweka kwenye mifuko ya UTT AMIS na kuangalia thamani ya kipande kila siku. Anaweza kwenda kwa watafiti wa kahawa wa TaCRI pale Maruku akaulizia miche bora ya robusta, ikampa mazao baada ya miaka michache. Hakuna kati ya hizo inayoahidi asilimia 70 kwa miezi minne. Ndiyo maana zinaaminika.

Kama umeshaingia

Usione aibu; walioingia DECI walikuwemo wasomi na watumishi. Jambo la kwanza ni kuacha kuongeza fedha, hata ukiambiwa kwamba ukiongeza 150,000 utafunguliwa akaunti uweze kutoa zilizokwama. Hiyo ni ndoana ya pili kwa samaki yule yule. Tunza kila kitu: jumbe za WhatsApp, ujumbe wa muamala wa simu wenye tarehe na jina la mpokeaji, risiti, fomu uliyojaza. Usijitoe kwenye kundi kabla ya kupiga picha za skrini, kwa sababu makundi haya hufutwa usiku mmoja.

Omba marejesho kwa maandishi na utaje siku ya mwisho ya kujibiwa. Wasipojibu, nenda kituo cha polisi na ushahidi wako, ufunguliwe jalada upewe namba yake. Nendeni mkiwa wengi ikiwezekana. Mtu mmoja anaonekana ana ugomvi na rafiki yake, watu 12 wenye miamala inayofanana wanaonyesha mpango. Malalamiko ya bidhaa zilizouzwa kwa maelezo ya uongo yanapokelewa na Tume ya Ushindani. Namba ya simu inayotumika kutapeli unaweza kuiripoti bure: tuma neno UTAPELI kwenda 15040, kisha fuata maelekezo utakayopewa.

Limebaki jambo moja, na ni gumu kuliko kwenda polisi. Kama wewe ndiye uliyemleta dada yako, au jirani, au mama mliyekaa naye kwaya moja, nenda kwake kabla hajalipa ya mwezi ujao. Chukua daftari lako lenye kurasa mbili, mfungulie, mwonyeshe ulichotoa na ulichopata. Mwambie uliamini na ulikosea. Huenda akakasirika leo, lakini laki moja yake ya mwezi ujao bado iko mkononi mwake, na wewe ndiye mtu pekee ambaye yeye atamsikiliza kuhusu jambo hili. Nenda leo, waitu.